Kura Haiingii Sahanini

Katika mtaa wetu wa Temeke, mwanamke mwenye kadi ya kupigia kura alikuwa mmoja tu, na mwanamke huyo ni mimi. Nayasema haya bila haya. Siku niliyoipata, nilirudi nyumbani kwa miguu jua la mchana likiwaka, na nauli ya basi nimeifunga kwenye pindo la kanga, ili watu wanione. Hakuna aliyeniona na chochote, maana kadi yenyewe nilikuwa nimeificha kifuani kwa kuogopa isije ikapeperuka. Nilipofika kwa jirani yangu muuza mihogo sikuweza kuvumilia tena. Nikaitoa, nikampa aishike, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaniuliza kama inauma.

Sheria ya Waingereza wakati huo ilikuwa hivi: kura hapewi kila mtu. Ama uwe na kipato fulani kwa mwaka, ama uwe na cheo, ama uwe umesoma hadi darasa walilolitaka wao. Mimi nilikuwa nimesoma darasa la nane kwa masista huko kusini, kabla sijaolewa na kuletwa Dar es Salaam. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchonga mbao, tena fundi hasa, lakini darasani alikaa miaka miwili tu, na mshahara wake haukufika walipotaka. Basi nyumba yetu mke akawa na kura, mume hana.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi, mdogo wake wa kiume saba. Jioni ile walikaa mkekani wakaipitisha ile kadi mkono kwa mkono, na maswali yakaanza.

"Baba ana kosa gani?" aliuliza binti.

"Hana kosa."

"Mbona yeye hajapewa?"

"Hakusoma sana."

"Lakini kile kitanda cha Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, si kakichonga yeye?"

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Bwana Shauri anakilalia kila siku," akasema, "na hajawahi kuuliza kimechongwa na darasa la ngapi."

Alicheka, lakini mimi mkewe nilimjua. Nilitamani siku ile niikate ile kadi vipande viwili nimpe kimoja.

Hilo la kadi lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa kuwaeleza kura tatu. Uchaguzi ule kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Ukiacha kundi moja, karatasi yako nzima inatupwa. Watu wazima walikuwa wakigombana barabarani kwa jambo hilo. Wengine walisema ni matusi na kwamba heri tukae nyumbani. Wengine, na chama chetu cha kudai uhuru kikiwamo, walisema tuingie hivyo hivyo, tuwashinde kwa sheria yao wenyewe. Mimi nilikuwa upande wa kuingia. Wanangu walikuwa upande wa kukasirika.

"Yaani mama," binti alisema, "ni kama umekwenda sokoni kununua nyanya, ukaambiwa hupewi nyanya mpaka ununue na bamia na biringanya."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Na biringanya wewe hulipendi."

"Basi nitachagua biringanya lisilo na funza."

Wakavunjika mbavu. Tangu siku hiyo siasa nyumbani kwetu ikawa nyanya, bamia na biringanya, na mgeni aliyetusikia alidhani tunapanga mboga ya kesho. Mdogo alitaka kujua nani hasa ndiye biringanya. Nikamwambia hilo tusiliseme kwa sauti.

Niliwapeleka mkutanoni pia. Majirani walinishangaa, watoto na siasa wapi na wapi? Nikawajibu kwamba watoto ndio watakaokaa na hao tunaowachagua, sisi tutakuwa tumeshazikwa. Tulisimama uwanjani, mdogo juu ya mabega ya baba yake, tukawasikiliza Wahindi wawili waliokuwa wakigombea kiti kimoja. Wa kwanza alikuwa na Kiswahili kitamu na tumbo la mtu mwenye raha. Aliulizwa Temeke itapata lini bomba la pili la maji, akajibu palepale: mwaka ujao, tena mabomba mawili. Watu wakampigia makofi. Wa pili alikuwa mwembamba, mwanasheria, jasho linamtoka mpaka miwani inamteleza puani. Akaulizwa swali lile lile.

"Sijui," akasema. "Ningekuwa najua ningewaambia. Nitakwenda kuuliza."

Watu wakamzomea. Mwanangu akanivuta kanga. "Mama, yule ni mjinga?"

"Hapana. Yule ndiye mtu mzima wa kwanza niliyewahi kumsikia akisema hajui mbele ya umati."

Nilirudi nyumbani nimekwisha amua. Sikumwambia mtu. Niliwaeleza watoto kwamba kura ni siri, haambiwi jirani, haambiwi padri, haambiwi hata baba. Mdogo akanikazia macho. "Si ulisema kumficha baba jambo ni dhambi?" Nikamwambia siri ya kura imeruhusiwa na serikali. Jibu halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Kumbe yule mwembamba alikuwa na shemeji, na shemeji yake ndiye tajiri wa mume wangu, mwenye karakana ya samani kule mtaa wa Gerezani. Hatukulijua hilo mpaka Jumamosi moja gari lilipoingia mtaani kwetu na kusimama mlangoni pangu. Mimi nilikuwa bombani, nimepanga foleni na ndoo yangu. Watoto ndio waliompokea huyo tajiri. Walimwamkia shikamoo, wakamkaribisha kiti, wakapokea kwa mikono miwili sahani kubwa ya kaure yenye maua ya buluu, imejaa halua. Si halua ya kupimiwa kwenye karatasi, bali ile nyekundu, inayong'aa, yenye lozi. Akawaambia, "Mwambieni mama yenu shemeji yangu anamsalimu sana." Akaondoka.

Niliporudi na ndoo kichwani nilikuta halua imebaki kama vidole viwili, na nyuso mbili zinang'aa mafuta mpaka masikioni.

Nilipandwa na hasira, acha mchezo. Nilikasirika kuliko siku kunguru aliponiibia samaki jikoni. Kwanza sikujua nimkasirikie nani. Baadaye nikajua. Kura ile nilikuwa nimeshampa yule mtu moyoni, bure, kwa hiari yangu, kwa sababu ya lile "sijui" lake. Sasa imekuja halua, na kitu nilichotaka kukitoa kimegeuka kitu kilichonunuliwa.

Wanangu wao hawakuona tatizo. Walikwisha kuwa wapiga debe. Walizunguka uani wakigonga mfuniko wa sufuria na kulitaja jina la yule mwembamba, mpaka watoto wa jirani nao wakaunga foleni nyuma yao, wakitumaini kampeni ile ina halua nyingine. Nikawaita, nikawakalisha.

"Kura hailipiwi kwa chakula," nikasema. "Mtu akikupa kitu ili umchague, huyo anakununua."

Binti yangu akanitazama kwa utulivu wa mtu mwenye hoja. "Mama, nyumba hii sahani ya mtu hairudi tupu. Ndivyo unavyosemaga. Mama muuza mihogo akileta futari, sie twarudisha na maandazi. Sasa ya tajiri tutaiwekea nini?"

"Kura!" akasema mdogo.

Nilikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kweli, nilikuwa nimewafunza hivyo, kwa maneno na kwa kofi mara moja moja. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hakuna mtoto wa Temeke aliyekuzwa nje ya hilo, na ni mafunzo mazuri, siwezi kuyakana mpaka leo. Sasa nisimame niwaambie kwamba mara hii tu, kwa sababu ya Waingereza na karatasi zao, tule cha mtu tumgeuzie kisogo?

Hapo ndipo akili iliponijia, na furaha iliyonipata karibu inirushe kutoka pale mbuzini. Sahani hujibiwa kwa sahani. Mama yangu alikuwa ameniletea kutoka kusini mfuko wa korosho. Nikazikaanga zote, nikachemsha sukari, nikapiga kashata za korosho ambazo sijawahi kuzipiga tena kwa wingi ule. Watoto walimenya, wakapulizia vidole, wakaiba, nikawaacha waibe. Sahani ya maua ya buluu ikajaa kwa kilima.

Mume wangu alipoingia akaiona, akavua kofia. "Hiyo inakwenda wapi?"

"Kwa tajiri wako."

"Mama watoto, yule hakuleta halua apewe kashata."

"Najua. Ndiyo maana nampelekea."

"Mie nina viti kumi na viwili vya watu pale karakanani. Mkono mtupu haulambwi. Akijua humpi shemeji yake, kesho ananiambia kwaheri."

"Nani amekwambia simpi?"

"Basi unampa?"

"Siri," walisema watoto wote wawili kwa pamoja.

Akaangalia huku, akaangalia kule, akaona amezidiwa kwa idadi. Mume wangu hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu, "Angalieni msije mkanifukuzisha kazi," akaenda kuoga.

Tukaenda mjini Jumapili, mimi na watoto, kwenye nyumba ya ghorofa alipokaa tajiri. Alitufungulia mama yake, bibi wa Kihindi mfupi, mwenye mtandio kichwani na Kiswahili cha mtu aliyezaliwa pwani hii hii. Watoto wakamwamkia, akafurahi. Tajiri akatoka akitabasamu, ila alipoiona sahani tabasamu likapungua.

"Mama, hakukuwa na haja."

"Haja ipo, tajiri. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Tumekula, tumeshukuru, na sasa sisi na nyie tuko sawa."

Akaipokea. Akasafisha koo. "Na lile jambo jingine?"

Sijapata kujibu, mwanangu wa miaka saba akadakia, kifua mbele: "Lile haliingii kwenye sahani!"

Nilihisi viti kumi na viwili vya mume wangu vinaniangukia kichwani. Kisha yule bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto huyu ana akili kuwashinda nyie wanaume wote na mikutano yenu," akamwambia mwanawe. Akamnyang'anya sahani, akaingia nayo jikoni, akarudi nayo imejaa bajia za moto. "Na kwetu pia hairudi tupu, mwanangu," akaniambia.

Hapo nikajua nimepatikana. Tukarudi Temeke na sahani ile ile. Nikaijibu kwa vitumbua. Ikaja na sambusa. Nikaipeleka na mkate wa kumimina, ikarudi na vitu vya dengu ambavyo mpaka leo sijui vinaitwaje. Ilivuka mji mara saba kabla ya siku ya kura, na kila ilipoingia nyumbani wanangu waliuliza swali moja kabla ya kunyoosha mkono: "Hii ni ya kura au ya sahani?" Nami nilijibu, "Ya sahani," wakala kwa raha zao. Sidhani kama kuna mkutano wowote wa hadhara uliowafunza siasa kuliko hizo bajia. Yule bibi hakuniuliza hata siku moja nitampigia nani. Aliniuliza tu sukari ya kashata naichemsha kwa muda gani.

Siku ya kura ilipofika mtaa mzima uliamka nami. Mama muuza mihogo aliniazima kanga yake mpya, ambayo hata yeye hajaivaa. Mwingine akanisuka alfajiri. Wanawake wakanisindikiza mpaka njia panda kwa vigelegele, na mmoja akaniambia, "Umetubebea wote, shoga, usidondoshe." Nilijua maana yake. Wote wale walikuwa na akili timamu, wengine kunizidi, na hakuna hata mmoja aliyepewa karatasi. Moyo ulinidunda kama naolewa tena.

Foleni ilikuwa ndefu kwenye ua wa shule, wanaume karibu wote, na wanangu wawili wamenishika kila mmoja upande wake. Karani alinitazama, akataka kunieleza jinsi ya kusoma. Nikamsomea yeye karatasi kutoka juu mpaka chini, kwa sauti. Wanaume wa nyuma yangu wakapiga makofi.

Kisha nikaingia peke yangu nyuma ya pazia. Wa kwanza nilimweka bila kufikiri. Wa pili nilimweka kwa kufikiri kidogo. Kwa wa tatu nikasimama. Nikimpa huyu mwembamba, itakuwa halua imeninunua. Nikimnyima ili nionyeshe sikununuliwa, basi halua ndiyo imeniamulia vilevile. Nikakumbuka miwani inateleza puani, na lile "sijui". Nikampa. Nikaikunja karatasi, nikaitumbukiza kwenye sanduku, nikatoka nje jua linanipiga usoni, na naapa sijawahi kujiona mrefu kama siku ile.

"Umempa?" waliniuliza wote wawili.

"Siri."

Binti alikunja uso njia nzima.

Yule mwembamba alishindwa. Matokeo yalipotangazwa mtaani kulikuwa na ngoma, maana Mwafrika wetu alishinda kwa kishindo, na hata sisi tulicheza uani mpaka mdogo akapoteza kiatu. Mhindi aliyeshinda ni yule wa mabomba mawili. Nikasikitika kidogo, nikaendelea kucheza.

Jumatano iliyofuata, saa sita mchana, mume wangu alirudi nyumbani akiwa amefunga sanduku la zana nyuma ya baiskeli. Fundi haji na zana zake mchana ila kuna jambo. Aliliteremsha, akakaa kizingitini, akatueleza sote, watoto wakisikiliza.

"Tajiri kaniuliza mbele ya mafundi wote. 'Fundi, mkeo alimpa nani?' Nikamwambia sijui. Akasema, 'Mwanamume gani wewe, usiyejua mkeo kapiga kura wapi?' Nikamwambia, mwanamume wa mwanamke huyu." Akaninyooshea kidole. "Wakacheka. Akasema nenda nyumbani, ukishajua urudi."

Siwezi kusema yule tajiri alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchungu wa kushindwa, na watu walimcheka. Lakini kazi ilikuwa imekwenda, na ilikuwa imewekewa ufunguo, na ufunguo ninao mimi.

Binti yangu aliliona hilo kabla yetu sote. Akasimama. "Mama, si umwambie tu! Kama ulimpa, sema ulimpa. Kama hukumpa, sema ulimpa."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. "Nilimpa." Neno moja, tena la kweli, si la kubuni. Mume wangu angepanda baiskeli yake, kabla ya saa nane yuko karakanani, na viti vya watu vinaendelea. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," akasema mume wangu.

Miaka kumi na mbili ya ndoa hakuwahi kuniambia neno hilo. Aliona nimeshtuka, akalainisha sauti.

"Ukiniambia leo nikampelekea, nitakuwa nimemuuzia kura ambayo hata si yangu. Hapana. Nitatafuta kazi kwingine." Akawageukia watoto. "Na siku nikipata ya kwangu, mama yenu naye asiniulize."

"Na mie nikipata?" aliuliza mdogo.

"Na wewe usituambie."

Nililia palepale mbele yao, kwa hofu ya kesho na kwa furaha, vyote pamoja, na sikuona haya. Nikalimeza lile neno. Alikaa miezi minne bila kazi ya kudumu, akichonga miiko na vigoda vya kuuza sokoni Buguruni, na kila asubuhi nilipomuona anaondoka na mzigo wake lilinipanda tena kooni, nikalirudisha. Aliishi miaka mingi baadaye, akafariki bila kujua nilimpa nani, wala hakuuliza hata mara moja.